Ngoma ya Jirani na Amani ya Watoto Wetu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa za watoto, chakula cha mjamzito na amani kati ya mume na mke. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie tuwapeleke mbali kidogo, hadi Nyuzilandi, nchi ya visiwa iliyo kusini mwa Bahari ya Pasifiki. Huko wako akina mama waliohama makwao kutafuta kazi au kukimbia vita, wakajikuta wanaishi ukuta kwa ukuta na watu wasiojua hata kuwasalimu. Tunataka tuone jinsi nyimbo na ngoma zilivyowasaidia kuishi pamoja, na pia mahali ambapo nyimbo na ngoma hazikutosha.

Jambo hili linatugusa sisi pia. Watoto wetu wanasoma na watoto wa makabila mengine na dini nyingine. Kila mama anajua kwamba neno la dharau likitamkwa mezani usiku, asubuhi yake limeshafika shuleni.

Tuseme mapema tunaloliamini. Kutazama ngoma ya jirani na kuipigia makofi hakutoshi, maana mtu aweza kuipenda ngoma ya jirani asimpende jirani mwenyewe. Ngoma huanza kuwaunganisha watu pale mmoja anapokubali kufundishwa na mwenzake, au kumjibu, au hata kuinama mbele yake.

Waliokuja kufanya kazi viwandani

Wenyeji wa Nyuzilandi ni Wamaori. Waingereza walikuja baadaye, wakawa wengi na kuitawala nchi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanda vya nchi hiyo vilihitaji mikono ya kazi. Watu wengi wa Samoa, Tonga, Niue, Fiji na Visiwa vya Cook wakahamia huko, hasa katika mji wa Auckland. Waliingia viwandani, wakasafisha maofisi usiku, na kila mwezi wakakumbuka kutuma chochote nyumbani kwa wazee.

Mahali pa kwanza walipokutana palikuwa kanisani. Katika miaka ya 1940 waumini kutoka visiwa mbalimbali walianza kuabudu pamoja katika kanisa moja la mtaa wa Newton, mjini Auckland. Kila kisiwa kilikuwa na lugha yake na namna yake ya kuimba, lakini waliketi benchi moja. Baada ya hapo makanisa ya visiwa yaliongezeka, na ukumbi wa kanisa ukawa ndio shule ya watoto ya lugha, nyimbo na ngoma za kwao.

Wasamoa wana sikukuu moja ambayo tunadhani akina mama wengi mtaipenda. Inaitwa Jumapili Nyeupe, nayo huwa Jumapili ya pili ya mwezi wa Oktoba. Siku hiyo watoto huvaa nguo nyeupe, na ibada huwa mikononi mwao: wao ndio wanaosema mafungu ya Maandiko kwa moyo, wanaoimba, na wanaoigiza habari za Biblia mbele ya wazazi. Wakirudi nyumbani, watoto huketi na kuandaliwa chakula kwanza, na watu wazima ndio wanaowahudumia. Mtoto aliyelelewa hivyo hujua tangu mdogo kwamba sauti yake ina thamani mbele za watu.

Hodi ya alfajiri

Katika miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Bei ya mafuta ilipanda sana kuanzia mwaka 1973, kazi zikapungua, na wageni waliokuwa wakikaribishwa jana wakaanza kulaumiwa leo. Kuanzia mwaka 1974, na kwa ukali zaidi mwaka 1976, polisi waliingia katika nyumba za watu wa Pasifiki alfajiri, wakitafuta waliozidisha muda wa vibali vyao. Wengine walisimamishwa njiani na kudaiwa pasipoti kwa sababu ya rangi yao tu.

Uonevu huo haukuisha upesi. Takwimu za miaka ya 1985 na 1986 zinaonyesha kwamba watu wa Pasifiki walikuwa kama theluthi moja ya wote waliozidisha muda wa vibali. Lakini katika kila kesi 100 zilizofikishwa mahakamani, kesi 86 zilikuwa zao. Waingereza na Wamarekani nao walikuwa karibu theluthi moja, na kesi zao zilikuwa 5 tu.

Sisi wauguzi tunajua hofu ya namna hiyo inavyokaa mwilini mwa mtoto. Mtoto aliyeamshwa kwa kurunzi usoni na kumwona baba yake akitolewa kitandani, usingizi wake hukatika. Huanza tena kukojoa kitandani, huumwa tumbo lisilo na ugonjwa, na huogopa kwenda shule. Zaidi ya hayo huanza kuona haya kwa lugha ya mama yake, kwa kuwa ameona kwamba lugha hiyo ndiyo inayowaletea polisi.

Vijana wa Kimaori na wa visiwani hawakunyamaza. Mwaka 1971 walikuwa wameanzisha kikundi kilichoitwa Polynesian Panthers, kilichowasaidia watoto kazi za shule na kuwaeleza wazazi haki zao. Misako ilipozidi, vijana hao walikwenda gizani hadi nje ya nyumba za mawaziri, wakawamulika kwa taa na kuwadai pasipoti kwa kipaza sauti. Huo nao ulikuwa mchezo wa kuigiza, na wenye nyumba waliwekwa ndani yake bila kupenda. Kwa dakika chache wakubwa walionja hodi ya alfajiri.

Watoto waliocheza mwaka ule ule

Mwaka huo huo wa 1976, misako ilipokuwa imepamba moto, shule moja ya sekondari katika kitongoji cha Otara, kusini mwa Auckland, ilianzisha tamasha la ngoma za wanafunzi. Shule hiyo ilikuwa Hillary College. Nia ilikuwa watoto wa Kimaori na wa visiwani wasimame mbele ya watu wakijivunia asili yao. Tamasha hilo ndilo linaloitwa Polyfest, na limekua hata kukusanya maelfu ya wanafunzi.

Kuna jukwaa la Wamaori, la Samoa, la Tonga, la Niue na la Visiwa vya Cook. Baadaye likaongezwa jukwaa la mataifa mengine, ambapo watoto wenye asili ya India, China, Korea, Ufilipino na Afrika huleta ngoma zao. Hivyo tamasha lililoanzishwa na watu waliofukuzwa-fukuzwa likawafungulia mlango wageni waliokuja nyuma yao. Hapo ndipo tunapoona ukubwa wa moyo, kwa sababu aliyewahi kuonewa angeweza pia kuufunga mlango akisema, "Sisi tuliteseka peke yetu, nanyi mteseke."

Ngoma zenyewe si za kurukaruka tu. Wasamoa wana ngoma ya kundi iitwayo sasa. Wachezaji wengi hukaa chini kwa mistari, na mikono yao huonyesha kazi za kijijini, huku kuni au vijiti vikipigwa juu ya mkeka uliokunjwa kama gogo. Mmoja akichelewa, mstari wote unaharibika, kwa hiyo mtoto anajifunza kumsikiliza mwenzake. Watonga wana desturi ya kumpaka mchezaji mafuta ya nazi mpaka ngozi ing'ae, na watazamaji wakipendezwa hupanda na kumbandika noti mwilini. Sisi tungesema wanamtuza. Mama yeyote aliyewahi kutuza arusini angejisikia yuko nyumbani.

Nyuma ya dakika chache za jukwaani kuna miezi ya kazi. Kuna mavazi ya kushona, maua ya kutunga, chakula cha kupikia watoto wa mazoezi, na bibi anayekaa pembeni akisahihisha matamshi. Na katika makundi hayo huonekana watoto ambao si wa kisiwa kile. Mtoto wa Kihindi husimama katika mstari wa Wasamoa, akaimba lugha ambayo mama yake haijui. Huyo hakuja kutazama tu. Amefundishwa na bibi wa rafiki yake, amekula kwake, na amekemewa kama mjukuu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo amani inapopikwa, miezi mingi kabla ya siku ya makofi.

Huku kwetu pia tunayo mbegu hiyo. Katika mashindano ya muziki ya shule za Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, ni jambo la kawaida kuona shule ikicheza ngoma ya kabila lisilo la wanafunzi wake wengi.

Sauti ya kwanza ni ya mwanamke

Wamaori wana taratibu ya kupokea wageni inayoitwa powhiri. Wageni husimama nje, hawaingii ovyo. Sauti ya kwanza kusikika ni ya mwanamke wa wenyeji, anayewaita kwa mwito mrefu wenye huzuni na heshima. Mwanamke wa upande wa wageni humjibu. Hapo wote hutembea polepole, wakasimama kidogo kuwakumbuka marehemu wa pande zote mbili. Kisha huja hotuba, na kila msemaji akimaliza, watu wake husimama nyuma yake na kuimba wimbo wa kutia nguvu maneno yake. Baadaye wenyeji na wageni hugusanisha pua na paji la uso, wakishiriki pumzi moja. Mwisho wote wanakula. Korona ilipoingia mwezi wa Machi 2020, baadhi ya makabila ya Kimaori yalisimamisha kugusanisha pua ili kuwalinda wazee, nasi kama wauguzi tuliona hekima katika hilo: desturi nzuri hujua kumlinda mtu.

Nyuzilandi hupokea kila mwaka idadi maalumu ya wakimbizi, na mwaka 2020 idadi hiyo iliwekwa kuwa 1,500. Wakifika, hukaa kwanza wiki kadhaa katika kituo cha Mangere, mjini Auckland, wakipimwa afya na kufundishwa maisha ya nchi. Hapo nao hupokewa kwa desturi ya Kimaori. Miongoni mwa waliohamia nchini humo kama wakimbizi kwa miaka mingi wako watu wa Kongo, Burundi na Rwanda, na baadhi yao huzungumza Kiswahili nyumbani kama sisi.

Tuangalie jambo moja katika taratibu hiyo. Mgeni haachwi akae kimya kama mzigo ulioshushwa. Anatakiwa ajibu. Wimbo wake unahitajika, hata kama hakuna anayeuelewa, na bila huo shughuli haijakamilika. Sisi tuliozoea wodi ya wazazi tunajua maana yake. Mama akifika usiku bila ndugu, na lugha ya wauguzi hailewi vizuri, salamu moja ya kwao hulegeza mabega yake. Na akiombwa aimbe wimbo wa kumbembeleza mtoto wa kwao, wodi nzima humjua jina kabla ya kupambazuka.

Machi 2019

Tarehe 15 Machi 2019, mtu mwenye silaha aliingia katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch wakati wa sala ya Ijumaa. Watu 51 waliuawa. Wengi walikuwa wahamiaji na wakimbizi, wakiwemo Wasomali. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 3.

Polyfest ilikuwa ikiendelea Auckland wiki hiyo. Siku ya mwisho, Jumamosi, ikafutwa kwa ajili ya usalama na kwa heshima ya wafiwa. Watoto waliofanya mazoezi kwa miezi walirudi na mavazi yao bila kucheza.

Lakini siku zilizofuata, katika mji wa Christchurch, wanafunzi walikusanyika karibu na mahali pa msiba wakapiga haka. Wengi wetu tunaijua haka kwa sababu ya wachezaji wa raga, tukadhani ni ya kutisha adui tu. Kumbe hupigwa pia kumlilia marehemu na kumpa heshima. Vijana wa kila rangi waliopiga haka ile walikuwa wameifundishwa shuleni. Fikirini kama wasingekuwa wamefundishwa. Siku ya msiba wangebaki wamesimama, hawajui waweke wapi mikono yao. Ngoma ya jirani hujifunzwa siku za amani, ili siku ya kilio tuwe na namna ya kulia pamoja naye.

Kufunikwa mkeka

Imebaki sehemu ngumu kuliko zote. Wasamoa wana desturi ya kuomba radhi iitwayo ifoga. Mtu akimkosea mwenzake vibaya, mkosaji na ndugu zake huenda alfajiri mbele ya nyumba ya aliyekosewa. Huketi chini kimya, wamefunikwa mkeka laini uliosukwa kwa majani ya mkadi yaliyochanwa membamba sana. Mkeka wa namna hiyo huchukua miezi mingi kusukwa, na wasukaji ni wanawake. Waliofunikwa hawajui kama watasamehewa. Wanangoja. Aliyekosewa akitoka na kuuondoa mkeka, amesamehe.

Tarehe 1 Agosti 2021, katika ukumbi wa jiji la Auckland, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliketi mbele ya watu wa Pasifiki akafunikwa mkeka. Watu wa jamii hizo ndio walioufunua na kumkumbatia. Kisha akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa ajili ya misako ya miaka ya 1970. Kiongozi wa nchi aliomba radhi kwa desturi ya waliokosewa, wala hakuwaomba waje kwenye desturi yake.

Je, mkeka ulimaliza yote? Hapana. Serikali ilitoa nafasi za masomo kwa vijana wa jamii hizo, lakini msamaha wa vibali kwa wale wanaoishi bila karatasi, ambao wengi waliuomba, haukuwamo. Wako waliolia kwa furaha siku ile na wako waliosema bado. Nasi tunaona wote wana haki. Desturi nzuri hufungua mlango. Kuingia na kutengeneza yaliyo ndani ni kazi nyingine. Hata mume akiomba radhi vizuri jioni, mke huangalia asubuhi amefanya nini.

Tufanye nini nyumbani?

Akina mama wenzetu, tumezunguka mbali ili turudi jikoni kwetu. Haya ndiyo tunayopendekeza.

Kwanza, mfundishe mtoto wimbo mmoja wa kwenu, na maana ya kila neno. Mtoto asiye na wimbo wake hana cha kumjibu mwenyeji, na mara nyingi anayewacheka wengine ni yule asiyejua chake.

Pili, mwombe jirani wa kabila au nchi nyingine amfundishe mwanao jambo moja: wimbo, mchezo wa makofi, au namna ya kusuka. Usimwite tu kwenye sherehe akae kitini. Anayefundisha hupata heshima, na anayefundishwa hupata bibi mwingine.

Tatu, kinga mezani pako maneno ya dhihaka juu ya mavazi, lugha na ngoma za watu. Baba akiteleza, mkumbushe kwa upole wakiwa hawapo watoto.

Nne, mkiwa na mgeni kanisani au katika kikundi chenu cha akina mama, msimkaribishe kwa hotuba peke yake. Mwachieni nafasi ya kuimba wimbo wa kwao, hata kama ni mstari mmoja. Mhakikishe pia kwamba wa kwanza kumwita ni mama mwenye sauti ya upole.

Tano, tujue kuomba radhi kwa namna ambayo aliyekosewa anaielewa. Kwa mwingine ni maneno, kwa mwingine ni kwenda kwake kwa miguu, kwa mwingine ni kumsaidia kuvuna. Watoto wetu wakituona tukiinama, hawataona haya kuinama kwa wenzao.

Mwezi huu, kila mmoja wetu amtafute jirani mmoja ambaye hajawahi kumwomba amfundishe kitu. Tuanze na salamu ya lugha yake, tukirudia mpaka aache kucheka matamshi yetu.

Tunawatakia amani nyumbani mwenu hadi mwezi ujao.